Barua za Ngozi: Kabla Hujaupeleka Uso kwenye Asidi

Mwezi huu barua za madoa ya uso zimezidi za fangasi, jambo ambalo kwa sisi wa pwani, kwa joto hili na viatu vyetu vya plastiki, si la kawaida. Nyingi zinauliza habari za pilingi, huko kumenywa uso kwa asidi ambako kumetoka hospitalini kukaingia saluni, na sasa kumeingia chumbani kwa mtu aliyeagiza chupa kwa simu. Nimechagua chache. Majina nimeyafuta na maneno nimeyapunguza, maana yupo aliyeandika kurasa nne na picha juu.

Kwa msomaji mpya: mimi ni tabibu wa ngozi, nimesomea Moshi pale KCMC, nafanya kazi Tanga. Siuzi krimu wala sipokei kitu kwa anayeuza. Jibu la kwenye jarida halichukui nafasi ya mtu kukuona uso kwa macho yake, mchana, kwenye mwanga wa dirisha.

*

*Shikamoo dada tabibu. Mimi ni mama lishe hapa Tanga, napika chapati na supu tangu alfajiri. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili nilitokwa na mabaka ya kahawia mashavu yote mawili na juu ya mdomo, utadhani nina masharubu. Hayawashi wala hayaumi. Niliambiwa yataondoka nikijifungua, hayakuondoka. Sasa nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kuna saluni wanasema watanimenya kwa asidi mara sita, laki moja na nusu kila mara, na uso utakuwa safi kabla ya Idi. Zamu yangu ya mchezo ni mwezi ujao. Nikafanye?*

Marahaba, mdogo wangu. Hela ya mchezo ongezea mtaji. Sikukatazi pilingi maisha yako yote. Nasema si mwezi ujao, na si kwa ahadi hiyo ya Idi.

Ulivyoeleza, mashavu mawili sawasawa, juu ya mdomo, yameanza na mimba, hayawashi, hiyo inaelekea kuwa melazma. Ngozini tunazo seli zinazotengeneza rangi. Sisi weusi hatuna nyingi kuwashinda Wazungu, idadi inakaribiana; zetu zinatengeneza zaidi na zinachokozeka upesi. Ni kama mbwa wa geti: ukimrushia jiwe hanyamazi, anabweka zaidi. Jua ni jiwe. Homoni za mimba na za baadhi ya njia za uzazi wa mpango ni jiwe. Joto la jiko nalo ni jiwe. Wewe mawe hayo matatu unarushiwa kila siku, halafu saluni wanataka kuongeza la nne, tena kubwa.

Kwa hiyo tuanze na ya kila siku. Jiko la mkaa lihamishe likae ubavuni mwako, usiwe unainamia chuma cha chapati uso ukipokea moto wote. Kama banda lako limefunikwa nailoni inayopitisha mwanga, tafuta bati au makuti. Sindano usiiache kwa sababu ya barua hii, ukaja kuniandikia nyingine ya mimba. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango, waambie una mabaka usoni, waulize kuhusu kitanzi cha shaba, kwa kuwa hicho hakina homoni. Wapo wanaobadilisha njia na mabaka yakabaki, sitakudanganya, lakini angalau jiwe moja linakuwa limewekwa chini.

Losheni ya kukinga jua ndiyo dawa yenyewe, na ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu haina miujiza ya kuonyesha. Tafuta yenye SPF 30 au zaidi, na kama mfuko unaruhusu chukua ile yenye rangi ya kahawia kidogo. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na kazi yake si urembo tu: inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao nao unachochea melazma kwenye ngozi nyeusi, na losheni nyingi nyeupe zinauacha upite. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, mmoja urefu wa kidole cha shahada, mwingine wa kidole cha kati. Ukipaka tone moja ukalitandaza uso mzima, ile 30 iliyoandikwa kwenye chupa huipati. Wewe unatoka jasho, basi rudia kila baada ya saa mbili, na kofia pana au mtandio uliotokeza mbele usikosekane ukienda sokoni. Kuna wanaoniuliza kuhusu losheni ya jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ile ni yao. Kwao ni kinga ya saratani. Tusiitafute kwa mlango wa nyuma ili tupendeze.

Usiku, krimu. Kwa mtu wa jikoni, mwenye jua na joto, mimi napenda kuanza na asidi ya azelaiki ya asilimia 20. Neno asidi lisikutishe, hii haimenyi ngozi. Inaibana seli ya rangi iliyochangamka kupita kiasi na kuiacha iliyotulia. Wiki ya kwanza huchonyota kidogo, kwa hiyo anza usiku mmoja uruke mmoja, kisha kila usiku, kisha asubuhi na usiku. Usijitazame kwenye kioo kila saa. Piga picha dirishani siku ya kwanza, nyingine baada ya miezi mitatu, ndipo utaona tofauti. Mfamasia akikosa hiyo, niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni pole zaidi na haina ugomvi na mtu.

Mtu akikupa vidonge vya asidi ya traneksamiki, kwanza mwambie unachoma sindano ya homoni. Dawa hiyo hutumika kuzuia damu kutoka, na kweli inasaidia melazma, lakini ina hatari ya kugandisha damu ndani ya mishipa. Si ya kununua dirishani.

Baada ya miezi mitatu au minne ya kujilinda na krimu, kama kuna kilichobaki, hapo tuzungumze pilingi. Na kabla hujalala kwenye kiti chao, wahoji. Asidi gani, asilimia ngapi, na uchachu wake, ile pH, ni kiasi gani? Glikoliki, inayopatikana kwenye miwa, huanza na asilimia 20 au 30, kwa dakika moja au mbili, tena mtu akikusimamia na saa mkononi. Ni lazima izimwe kwa maji ya bikaboneti ya sodiamu, ukiuliza "mnaizima kwa kitu gani?" wakaangaliana, chukua mkoba wako. Salisiliki ya asilimia 20 au 30 mimi naiamini zaidi kwa ngozi zetu. Ikikauka huacha unga mweupe usoni na yenyewe hukoma kuingia, kwa hiyo haihitaji kuzimwa. Mwaka 1999 Pearl Grimes, daktari wa ngozi wa Los Angeles, alichapisha matokeo yake kwa watu 25 wa ngozi za rangi, na wengi walinufaika bila kuungua. Lakini hata yeye aliwaandaa kwanza wiki mbili kwa krimu, hakuwapokea kutoka barabarani. Salisiliki haimfai mwenye mzio wa aspirini.

Wakikutajia TCA, asidi ya trikloroasetiki, ya asilimia 30 au 35, ondoka. Hiyo haizimwi, inagandisha protini ya ngozi mpaka uso unakuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na kwenye ngozi nyeusi ikizidi kidogo huacha weusi mpya au kovu. Fenoli usiisogelee kabisa. Inaingia kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Uliza pia kama watakujaribia sehemu ndogo nyuma ya sikio kabla ya siku yenyewe. Waeleze kama huwa unatoka malengelenge ya homa mdomoni, kwa sababu pilingi huyaamsha na unatakiwa kumeza aciclovir mapema. Nafasi kati ya pilingi moja na nyingine ni wiki mbili hadi nne. Nao wanaosema "safi kabisa" wanajua wanachouza: asidi za juujuu huondoa tabaka la juu tu, na melazma yetu mara nyingi imekaa juu na ndani pia. Itapungua. Ukiacha losheni ya jua, itarudi, hata kama ulilipa laki tisa.

*

*Habari daktari. Nasoma chuo Morogoro. Chunusi zinatoka na kupona lakini kila moja inaacha doa jeusi. Nimetumia limau na chumvi, dawa ya meno, na bekingi soda. Rafiki yangu anasema ninunue asidi ya glikoliki mtandaoni ya asilimia 70 niipunguze na maji. Nipo na miaka 20.*

Mwanangu, jikoni kwenu kumebaki nini?

Limau likutane na jua juu ya ngozi linaunguza, na pale palipoungua panabaki weusi wa miezi. Nimeona michirizi hiyo kwenye mikono ya watu waliokamua ndimu kwenye samaki wakichoma ufukweni. Dawa ya meno inachoma kwa mentholi yake. Bekingi soda inaharibu uchachu wa ngozi, ambao kwa kawaida uko karibu na 5. Yote matatu yanawasha ngozi, na ngozi yako ikiwashwa inatoa rangi. Hayo madoa yako sehemu umeyachora wewe.

Ile chupa ya asilimia 70, hapana, wala iliyopunguzwa. Kuipunguza kwa makadirio kwenye kikombe cha hosteli hakukuambii pH imebaki ngapi.

Doa la chunusi ni mwangwi wa chunusi. Ukifuta madoa wakati chunusi bado zinatoka, unafanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Famasia ulizia jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, uso ukiwa mkavu, usiku mmoja uruke mmoja kwa wiki mbili za mwanzo. Asubuhi, benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5 kwenye chunusi. Itapausha foronya na kanga, kwa hiyo usifutie kwenye taulo la mwenzako. Adapaleni inakausha, paka losheni isiyo na manukato baada yake. Inafaa kwa chunusi na kwa madoa pia, lakini haitumiki mtu akiwa mjamzito, na hili nawaambia wasichana wote hata wasioniuliza. Jua la Morogoro unalijua, kwa hiyo yale ya losheni niliyomwambia mama lishe ni yako pia.

Usibinye. Madoa ya juujuu, yale ya kahawia, hufifia miezi sita hadi mwaka. Yale yenye rangi ya kijivu yamezama zaidi na yatachukua muda kuliko hayo. Chunusi zikiwa zimetulia kabisa, pilingi ya salisiliki kwa mtu anayeijua itakufaa, maana inayeyuka kwenye mafuta na kuingia vinyweleoni.

*

*Salaam aleikum. Niko Mombasa. Harusi yangu ni baada ya wiki tatu. Wiki mbili zilizopita nilimenywa uso, sijui ilikuwa asidi gani, ilichoma sana nikavumilia. Ngozi ilibanduka, chini ilikuwa nyekundu, mimi nikaibandua iliyobaki. Sasa mashavu yamekuwa meusi kuliko mwanzo. Anayenihudumia anasema nirudi animenye tena kuutoa huo weusi. Tafadhali nisaidie.*

Waaleikum salaam, bi harusi. Usirudi. Huo weusi ni jibu la ngozi iliyoungua, na kuimenya tena ni kuiunguza juu ya jeraha.

Leo acha kila kitu chenye asidi, retinoli, vitamini C, skrabu, na singo ya harusi usoni. Singo ya mwili mwache somo wako aendelee, lakini kuanzia shingo kwenda juu asiguse. Osha uso kwa maji na sabuni laini isiyo na harufu. Paka mafuta ya kawaida ya mgando, Vaseline tupu, asubuhi na usiku mpaka ukavu uishe. Mchana kaa ndani, ukitoka losheni ya jua na kitambaa. Kama bado kuna wekundu, joto au maumivu, muone daktari wa ngozi wiki hii. Huenda akakupa krimu ya haidrokotisoni kwa siku chache. Kama kuna usaha au malengelenge yenye maji, nenda leo, usingoje miadi.

Weusi huu hautakwisha kwa wiki tatu. Utakwisha kwa miezi, na mara nyingi unakwisha kweli usipoguswa. Kwa siku yenyewe, mtafute mpambaji mzuri, mwonyeshe uso mapema, ajaribu vipodozi vyake sehemu ndogo kabla. Krimu ya azelaiki anza ngozi ikishafunga, si kabla.

Na kwa mabinti wengine wenye tarehe: pilingi ya mwisho iwe angalau miezi miwili kabla ya harusi, na ya kwanza katika maisha yako isiwe kwa ajili ya harusi. Maumivu nayo si kipimo cha kazi nzuri. Kuchonyota kwa dakika chache ni kawaida. "Ilichoma sana nikavumilia" ndiyo sentensi inayorudi kwenye barua nyingi za aina hii, na huyo aliyekwambia vumilia alipaswa kuwa ameshachukua maji.

*

*Mimi mjamzito wa miezi mitano, Unguja. Uso umekuja weusi. Naruhusiwa kutumia nini? Mama ananipaka liwa na manjano.*

Hongera. Liwa na manjano ya mama pokea, ni raha na hayana neno, ila asikusugue kwa msio juu ya mabaka. Losheni ya jua ndiyo. Azelaiki ndiyo. Adapaleni na jamaa yake tretinoini, haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, pilingi kali za salisiliki, hapana, mpaka umejifungua na tumeongea habari za kunyonyesha. Baadhi ya mabaka ya mimba huondoka yenyewe miezi michache baada ya kujifungua, kwa hiyo pengine hata hutanihitaji.

*

*Daktari, nakuandikia kwa siri. Nina miaka 46, naishi Dar es Salaam. Nimetumia mkorogo tangu nina miaka ishirini na kitu. Nachanganyiwa na mama mmoja, yeye ndiye anajua kilichomo. Nilikuwa mweupe nikapendeza. Sasa mifupa ya mashavu na pembeni mwa macho pamekuwa na rangi ya bluu nyeusi, na vidoti vidogo vigumu. Naongeza mkorogo lakini panazidi. Nikiacha siku tatu uso unawaka moto. Nimefikiria pilingi ya nguvu. Mume wangu hajui rangi yangu halisi.*

Dada yangu, ahsante kwa kuniamini. Sitakusimanga, umeshajisimanga vya kutosha.

Kwanza nikueleze ulichokuwa unapaka, kwa kadiri ya dalili zako. Mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, Kligman na Willis, walichapisha fomula ya kufuta madoa: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1, na deksamethasoni asilimia 0.1, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Ilifanya kazi, na madaktari wa ngozi mpaka leo wanatumia jamaa zake zilizopunguzwa makali, kwa madoa tu, kwa miezi michache, kisha wanaacha. Mkorogo ni fomula ileile iliyokatwa breki: haidrokwinoni isiyojulikana kiasi, steroidi kali zaidi ya ile, klobetasoli mara nyingi, inapakwa mwili mzima, miaka ishirini.

Mwaka huohuo wa 1975, huko Afrika Kusini, Findlay na wenzake waliandika kuhusu wanawake waliotumia krimu za haidrokwinoni wakatokwa na weusi wa bluu na vidoti kama mayai ya samaki, hasa kwenye mifupa ya mashavu. Inaitwa okronosisi. Ndiyo ninayoihofia kwako. Ubaya wake ni huu: krimu iliyokufanya mweupe ndiyo sasa inakufanya mweusi, na kila unapoongeza ili kuufuta weusi, unaulisha. Afrika Kusini iliipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990. Kwetu nako imekatazwa, lakini unajua mwenyewe inapatikana wapi.

Pilingi ya nguvu isahau. Rangi ya okronosisi iko tabaka la ndani, asidi haifiki huko bila kukuachia kovu, na ngozi yako imekondeshwa na steroidi, haina unene wa kustahimili.

Ule moto unaowaka ukiacha siku tatu ni ngozi inayodai steroidi yake. Kwa hiyo usiache ghafla peke yako. Steroidi kali ikipakwa mwili mzima kwa miaka huingia kwenye damu, na tezi zinazotengeneza homoni ya mwili yenyewe huzoea kulala. Mtu akikata siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka, hata kuzimia. Nenda kliniki ya ngozi, kwako Muhimbili ndiyo karibu, beba kopo lako la mkorogo hata kama linanuka, uwaambie miaka yote. Watakushusha kidogokidogo, kutoka steroidi kali kwenda dhaifu kisha hakuna. Katikati utawashwa, utakuwa mwekundu, utatoka vipele. Miezi kadhaa. Waambie pia kama una michirizi mapajani, kisukari au presha.

Omba wakupime mkojo na figo, kwa sababu baadhi ya mikorogo na sabuni huwa na zebaki. Hili si geni kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wa figo waliovimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo, na zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi ya walioacha krimu walipata nafuu. Ukiamka macho yamevimba, au mkojo unatoa povu lisilokatika, usingoje miadi. Zebaki haikai usoni mwako peke yako. Iko kwenye taulo na mto, na mtoto anayelala kifuani anaipata.

Yatakayobaki usoni: okronosisi ni ngumu. Ukiacha chanzo na kukinga jua, inaweza kupungua polepole, na kuna hospitali zenye mashine za leza zinazosaidia baadhi ya watu, kwa gharama kubwa na bila uhakika. Rangi yako ya asili itarudi, na haitarudi sawasawa. Shingo itatangulia, vidole vitachelewa. Kuhusu mume sina dawa. Ila nimeona wanaume wengi kliniki wakiwasindikiza wake zao, na wengi wao walikuwa wanajua siku zote. Harufu ya mkorogo haifichiki chumba kimoja.

*

*Nina duka la vipodozi. Nitajuaje krimu yenye sumu? Wauzaji wa jumla wote wanasema zao ni salama.*

Umeuliza kabla ya kukamatwa, vizuri. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, kwa hiyo ulizia usajili wa bidhaa kwao, si kwa muuzaji wa jumla. Lebo isiyoorodhesha viambato, rudisha. Ukiona hydroquinone, rudisha. Zebaki hujificha kwa majina kama mercury, calomel au herufi Hg, rudisha. Na kuna alama moja ya kijanja: kopo likionya krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, jiulize ni kitu gani kinaharibu dhahabu. Ni zebaki. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni vilitakiwa viwe vimeondoka sokoni kufikia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata hicho kiwango kidogo. Tyubu za klobetasoli na betamethasoni ni dawa, mahali pake ni famasia kwa cheti. Ukiziweka kando ya lipstiki unauza usichokijua.

*

*Mimi mwanaume, Mwanza. Sina mambo ya urembo. Shingoni na kidevuni vipele vya ndevu vimeacha weusi. Mke wangu ananipaka krimu yake. Ni sawa?*

Kwanza mwambie mkeo akusomee jina la hiyo krimu, halafu rudi kwenye barua ya mwenye duka, iliyo juu ya hii yako.

Ndevu zetu zimejikunja. Ukizinyoa hadi chini kabisa, ncha inarudi kuchoma ngozi, panavimba, panabaki weusi. Acha kunyoa wiki tatu au nne ndevu zitokeze, hata kama bosi atanung'unika. Baada ya hapo tumia mashine inayoacha milimita moja, nyoa kufuata zinakoelekea, usiivute ngozi. Osha kwa sabuni ya salisiliki ya asilimia 2, usiku paka azelaiki au adapaleni. Kwa kinyozi, nenda na mashine yako mwenyewe au umwone akiisafisha kwa spiriti mbele yako. Vipele vikiwa vikubwa na vigumu kisogoni, usikubali mtu avikate. Njoo kliniki, huo ni ugonjwa mwingine.